Je, wajua kwa nini gita la benga hulia kama nyatiti?

Simama karibu na duka lolote la Kisumu linalopiga benga za zamani, ule muziki wa gita ulioanzia kwa Wajaluo, kisha usikilize gita la solo peke yake. Mwache mwimbaji, iache na besi. Utasikia noti fupi fupi zikikimbizana, kila moja ikikatika nyingine inapoingia, na kifungu kimoja kikirudiwa tena na tena kabla ya kugeuzwa kidogo tu. Sasa mtafute mzee apigaye nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo, umpe dakika tano. Mwendo ni uleule. Tumezoea kuambiwa kwamba nyatiti ni ya kale na benga ni ya kisasa, kana kwamba moja ilimfukuza mwenzake. Ukweli ni kwamba benga ilizaliwa nyumbani kwa nyatiti.

Tuanze na chombo chenyewe. Nyatiti ina nyuzi nane na bakuli la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe. Mpigaji, ambaye Wajaluo humwita jathum, huketi kwenye kigoda kifupi. Mguuni huvaa njuga ziitwazo gara, na kwenye kidole gumba cha mguu huvaa pete ya chuma, oduong'o, ambayo hugonga nayo mbao ya chombo. Mtu mmoja basi huwa mwimbaji, mpiga nyuzi na mpiga ngoma kwa pamoja. Jambo la kuzingatia ni hili: uzi wa nyatiti haushikilii sauti kwa muda mrefu. Ukidonolewa, unalia na kuzima. Kwa hiyo jathum hana nafasi ya kupumzisha vidole. Lazima adonoe tena na tena, ajaze kila pengo. Akiimba ubeti, nyuzi humfuata. Akinyamaza, nyuzi hushika usukani na kupanda kasi.

Gita lilikuja kwa safari za watu. Reli ilifika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, mwaka 1901. Baada ya hapo vijana wa Nyanza na wa Uluhyani walitawanyika kutafuta kazi: bandarini Mombasa, Nairobi, kwenye mashamba ya walowezi kule Nakuru, kwenye majani chai ya Kericho. Vita vya Pili vya Dunia vikawachukua wengine kama askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, hadi Burma. Huko kote watu walisikia ala na nyimbo za wageni, na waliporudi makwao hawakurudi na mishahara tu. Kodiani ilipoingia vijijini, Wajaluo waliiita onanda, neno lililotoka kwa kinanda cha Waswahili. Kutoka Katanga nchini Kongo zikaja santuri za akina Jean-Bosco Mwenda na Edouard Masengo, na Masengo mwenyewe aliishi Nairobi kwa muda. Wao walikuwa wakidonoa nyuzi moja moja kwa vidole badala ya kuzikwaruza zote kwa mkupuo. Upande wa Waluhya, George Mukabi aliuchukua ufundi wa namna hiyo akautia ladha ya kwao, huku chupa ya soda ikitoa mapigo; mtindo huo ukaitwa omutibo.

Kijana wa Kijaluo aliyeshika gita miaka ya 1950 na 1960 mara nyingi hakuwa na mwalimu. Alichokuwa nacho ni masikio yaliyolelewa na nyatiti matangani na harusini. Alitafuta kwenye nyuzi sita nyimbo alizozijua kwenye nyuzi nane. Gita linaweza kuivuta noti ikalia kitambo, lakini yeye aliikata fupi, kwa sababu hivyo ndivyo wimbo ulivyokuwa kichwani mwake. Mwimbaji akitulia, gita la solo likachukua zamu na kukimbia, kama jathum afanyavyo. Hata lugha haikuona mpaka hapo: kwa Kijaluo neno thum ni muziki na pia ala ya nyuzi, na mpiga gita naye akaitwa jathum.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni D.O. Misiani, aliyeitwa mfalme wa benga. Alizaliwa mwaka 1940 upande wa Shirati, katika Tanganyika ya wakati huo, akavuka kuja Kenya na kuijenga bendi ya Shirati Jazz. Alifariki Kisumu mwaka 2006. Muziki ambao Wakenya wengi huuita wetu halisi ulipata mfalme wake ng'ambo ya mpaka uliochorwa na wakoloni.

Wala nyatiti yenyewe si mwenyeji wa siku zote. Wajaluo walishuka polepole kutoka Sudan wakifuata bonde la Nile, na ala za jamaa ya nyatiti zipo kote katika ukanda huo: tambura kwa Wanubi, krar kule Ethiopia, endongo kwa Wabaganda. Hapa kwetu Wabukusu wana litungu, Wagusii wana obokano yenye sauti nzito, na Wakipsigis nao wana yao. Lugha za watu hawa hazielewani, kwani kuna Waniloti na kuna Wabantu, lakini ala zao ni ndugu. Majirani walioana, wakauziana mifugo, wakahudhuria mazishi ya wenzao. Nyuzi zikavuka pale ambapo maneno yalikwama.

Benga nayo haikukaa kwa Wajaluo. Wakikuyu na Wakamba waliipokea wakaiimba kwa lugha zao, na santuri alizosambaza Oluoch Kanindo zilifika hadi Zimbabwe, ambako muziki huo uliitwa kanindo, kwa jina lake.

Mchanganyiko hauniogopeshi. Kinachoniuma ni jathum wa nyatiti kufa bila mwanafunzi, maana hapo mpiga kinanda cha umeme wa ohangla, muziki mwingine wa Wajaluo, atakosa pa kuchota. Wanaoendelea kupiga nyatiti bado wanaibadilisha. Zamani nyuzi zilikuwa kano za ng'ombe. Leo nyingi ni za nailoni, ileile ambayo wavuvi wa Dunga hufungia ndoana zao.