Si kweli kwamba vyuo hukimbia na NFL hurusha

Anayeanza kufuatilia futiboli ya Marekani huambiwa mapema kwamba timu za vyuo vikuu hukimbia na mpira, na wachezaji wa NFL, ligi ya kulipwa, hurusha pasi. Kauli hiyo ina chembe ya ukweli, lakini imebeba makosa mengi, na nayaona yanawanyima watu utamu wa mchezo wenyewe.

Dhana: Takwimu zinathibitisha.

Kabla ya kulinganisha, tazama zinavyohesabiwa. Kotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, akikamatwa na kuangushwa kabla hajaachia pasi, vyuoni tukio hilo huandikwa kuwa ni jaribio la kukimbia, na yadi alizopoteza hukatwa kwenye hesabu ya mbio. NFL hukata yadi hizo kwenye pasi za timu. Kwa hiyo chuo kilichopanga kurusha mara 40, kotabeki wake akaangushwa mara 5, kitasomeka kimerusha 35 na kukimbia mara 5 zaidi, tena kwa hasara. Ukirekebisha hesabu hiyo, vyuo bado hukimbia zaidi, ila pengo hupungua.

Dhana: Vyuo hukimbia kwa sababu vijana hawajui kurusha.

Mwaka 2019 Joe Burrow, kotabeki wa chuo kikuu cha LSU, alirusha yadi 5,671 na pasi 60 za tachidauni, yaani za kufunga, timu yake ikashinda mechi zote 15. Msimu huohuo Malcolm Perry, kotabeki wa Navy, chuo cha jeshi la majini, alikimbia yadi 2,017 kwa miguu yake. Mashindano ni yaleyale, mwaka ni uleule.

Sababu kubwa ya vyuo kukimbia zaidi iko kwenye uwanja. Uwanja una upana wa futi 160 kote kuwili, ila mistari miwili ya katikati ambako mpira huwekwa kabla ya kuanza inatofautiana: vyuoni imeachana futi 40, NFL futi 18 na inchi 6. Mpira ukiwekwa kwenye mmoja wa mistari hiyo chuoni, upande mmoja una futi 60 na wa pili una futi 100. Futi 100! Mpe kijana mwenye kasi eneo hilo, uone walinzi watakavyohangaika. NFL mpira haukai mbali na katikati, na pembeni hakuna uwanda wa namna hiyo.

Kuna na sheria ya wazuiaji, wale wa safu ya mbele wanaomkinga mwenye mpira. Vyuoni wanaruhusiwa kusonga mbele hadi yadi 3 kabla pasi haijarushwa. NFL ni yadi 1 tu. Mlinzi wa chuo akiona wazuiaji wanamjia, anaamini ni mbio, anasogea kuziba, na kumbe kotabeki bado ana haki ya kurusha nyuma ya mlinzi huyo.

Vyuo vya kijeshi vina lao pia. Vijana wao wanaandaliwa kuwa maofisa, hawawezi kujaza safu ya mbele kwa majitu. Basi wanamwacha mlinzi mmoja makusudi bila kumzuia, na kotabeki anamsoma: mlinzi akimvamia mkimbiaji, kotabeki anabaki na mpira, akimngoja kotabeki, mkimbiaji anapewa. Mlinzi hajaguswa, lakini ameshaondolewa mchezoni. Kwangu hakuna ufundi mzuri kuliko huo. Na haujakwama vyuoni: mwaka uleule wa 2019 Lamar Jackson, kotabeki wa Baltimore, alikimbia yadi 1,206, na timu yake ikaweka rekodi ya NFL ya yadi 3,296 za mbio kwa msimu.

Dhana: Timu inayokimbia sana ndiyo hushinda.

Mara nyingi ni kinyume. Anayeongoza hukimbia ili saa iendelee kutembea, kwa kuwa pasi isiyodakwa huisimamisha. Aliye nyuma hana budi kurusha.

Dhana: Uwiano wa mbio na pasi ni nusu kwa nusu.

Tarehe 6 Desemba 2021, kwenye upepo mkali wa Buffalo, New England ilirusha pasi 3 tu mechi nzima, ikakimbia mara 46, ikashinda 14–10. Hakuna kocha mwenye akili angelaumu. Uwiano ni kumfanya mlinzi aogope vyote viwili, hata kama leo unatumia kimoja.

Ushahidi ninaoupenda ni Philadelphia, timu ya NFL. Mkimbiaji wake Saquon Barkley alimaliza msimu wa kawaida wa 2024 na yadi 2,005 za mbio. Kwenye Super Bowl, fainali ya NFL, ya Februari 2025, Kansas City ilijaza watu kumziba, ikafanikiwa: mara 25 alizokimbia zilimpa yadi 57 tu. Philadelphia ikashinda 40–22. Walinzi waliosogea mbele kumkaba Barkley walimwachia kotabeki Jalen Hurts uwanja wa nyuma yao: alikamilisha pasi 17 kati ya 22, na moja ya yadi 46 ikamfikia DeVonta Smith na kuwa tachidauni.