Askofu David Gitari na Sheria ya Wamedi na Waajemi

Kila muhula ninapofundisha uhubiri, hakosekani mwanafunzi wa kuuliza kama mchungaji ana ruhusa ya kugusia mambo ya serikali akiwa mimbarini. Huwa namjibu kwa habari za David Gitari, mwanateolojia wa Kianglikana aliyezaliwa Kirinyaga mwaka 1937, akawa askofu wa Dayosisi ya Mlima Kenya Mashariki mwaka 1975, kisha Askofu Mkuu wa Kenya kuanzia 1997 hadi 2002. Wengi humkumbuka kama mkosoaji wa Rais Moi. Mimi namhesabu kwanza kuwa mfafanuzi wa Maandiko, kwa kuwa ujasiri wake wote ulichotwa humo.

Dalili zilionekana mapema. Mbunge J. M. Kariuki alipouawa Machi 1975, Gitari, aliyekuwa bado katibu mkuu wa Chama cha Biblia cha Kenya, alitumia mahubiri yake ya asubuhi redioni kufafanua habari za Kaini na Abeli. Msikilizaji aliyesikia maneno "sauti ya damu ya ndugu yako inanililia kutoka katika ardhi" hakuhitaji kuambiwa ni damu ya nani.

Mwaka 1986 chama cha KANU, ambacho ndicho pekee kilichoruhusiwa kisheria, kiliamua kwamba katika uteuzi wa wagombea wanachama wapange foleni nyuma ya yule wamtakaye, na aliyepata asilimia 70 ahesabiwe kuwa amechaguliwa bila kura ya siri. Watu waliita utaratibu huo mlolongo. Kwa mchungaji, kusimama hadharani nyuma ya mgombea mmoja kulimaanisha kuwapa kisogo waumini waliosimama kwingine. Kwa mwananchi wa kawaida, kulimaanisha kuchagua huku chifu akimtazama. Mwaka huohuo Bunge lilimwondolea Mwanasheria Mkuu ulinzi wa kikatiba wa kazi yake.

Juni 1987, akihubiri Nyeri, Gitari alifungua Danieli 6. Nawasihi wanafunzi wangu waisome sura hiyo polepole, kwa sababu nguvu ya hoja imo katika jambo ambalo wengi tunalipita tukikimbilia tundu la simba. Wakuu wanamwambia Mfalme Dario kwamba viongozi wote wa ufalme wamefanya shauri pamoja iwekwe amri ya kukataza watu kuomba kwa yeyote ila mfalme kwa siku thelathini, ilhali Danieli, mmoja wa wakuu watatu wa ufalme, hakushirikishwa. Mfalme anasifiwa, anatia sahihi kwa haraka, kisha anafungwa na amri yake mwenyewe, kwa maana sheria ya Wamedi na Waajemi haibadiliki. Kutoka hapo Gitari aliweza kusema juu ya katiba inayobadilishwa pasipo wananchi kushauriwa, bila kuongeza kitu ambacho matini hayakubeba. Wanasiasa walimshambulia vikali, lakini ili kumjibu ilibidi wabishane na Danieli.

Gharama ilikuwa kubwa. Usiku mmoja wa Aprili 1989 genge lilivamia nyumba yake Kirinyaga. Alinusurika kwa kupanda juu ya paa na kupiga mayowe hadi majirani wakaja. Mwaka uliofuata askofu mwenzake, Alexander Muge wa Eldoret, alifariki katika ajali ya barabarani siku chache baada ya waziri mmoja kumtishia hadharani. Gitari hakunyamaza. Desemba 1991 kifungu cha katiba kilichokataza vyama vingine kilifutwa, na mlolongo wenyewe ulikuwa umekwisha kuachwa.

Kuna urithi wake mwingine ambao wasioabudu katika Kanisa Anglikana la Kenya hawaujui. Mwaka uleule wa uvamizi ilitoka ibada mpya ya Ushirika Mtakatifu, iliyotungwa na jopo la liturujia, yaani la taratibu za ibada, aliloliongoza. Mwishoni waumini husimama, na kwa kila kinachotajwa, yaani matatizo yao, magumu yao na kazi za Ibilisi, hutupa mkono kuelekea msalabani wakisema wanavipeleka huko. Kisha hutajwa matumaini yao, na mikono yote huinuliwa juu, kwa Kristo aliyefufuka.