Nyasi Zote Hizo, Ng'ombe Wako Wapi?

Jumapili jioni nyumbani kwetu Tabata ni zamu ya makala ya wanyama kwenye televisheni. Watoto wanajilaza mkekani, mume wangu anajifanya anasoma simu, mama mkwe anakaa kwenye kiti chake karibu na feni. Juzi ilikuwa Serengeti, nyumbu walikuwa wanazaa. Ndama akadondoka na utelezi wake, akasimama, akaanguka, akasimama tena, na muda si mrefu akawa anakimbia ubavuni mwa mama yake. Watoto wakapiga makofi. Mama mkwe, ambaye utoto wake wote Singida aliumalizia nyuma ya ng'ombe, akauliza, "Nyasi zote hizo, ng'ombe wako wapi?"

"Mama, pale ni kwa wanyamapori."

"Nimesikia. Nauliza ng'ombe wako wapi."

Mimi ni daktari wa mifugo, na swali lile nililala nalo. Bila ng'ombe wale wasioonekana kwenye picha, nyumbu wenyewe wangekuwa wachache mno kupigiwa makofi.

Habari inaanzia kwa sotoka. Ni ugonjwa wa virusi, ndugu wa karibu wa surua. Ng'ombe anapata homa, machozi yanamtiririka, mdomo unajaa vidonda, anaharisha, na baada ya siku chache amekwisha. Uliingia Afrika kupitia pwani ya Eritrea mwishoni mwa miaka ya 1880, na kufikia 1897 ulishafika kusini kabisa mwa bara. Wamasai waliupa msiba ule jina lake, emutai. Ng'ombe walipokwisha, njaa ikawafuata wenyewe. Nyati na nyumbu nao walikufa, na hata baada ya wimbi lile kupita, ugonjwa uliendelea kuwarudia ndama wa nyumbu wa Serengeti kwa miongo kadhaa.

Hiyo ndiyo Serengeti waliyoipiga picha mtaalamu wa wanyama Mjerumani, Bernhard Grzimek, na mwanawe Michael, wakiruka na kindege kilichopakwa milia ya pundamilia, wakihesabu wanyama kutoka juu. Michael alikufa Januari 1959, kindege kilipogongana na tumbusi. Filamu yao ikatoka mwaka huohuo na ikapata tuzo ya Oscar. Iliwatia watu wa Ulaya uchungu, na sitaidharau, kwani uchungu nao una kazi yake. Ila kilichoongeza nyumbu kilikuwa kwenye chupa. Walter Plowright na wenzake, katika maabara ya Muguga nchini Kenya, walitengeneza chanjo ya sotoka ambayo dozi moja ilimkinga ng'ombe maisha yake yote. Ng'ombe waliozunguka hifadhi wakachanjwa. Nyumbu hakuna aliyemgusa kwa sindano. Lakini ugonjwa ulipokosa ng'ombe wa kukaa ndani yao, kufikia mwaka 1963 ulishatoweka hata kwa nyumbu. Mwaka 1961 walikadiriwa kuwa kama 260,000. Kufikia 1977 walishapita milioni moja.

Mwalimu wangu mmoja pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, alichanja ng'ombe kaskazini miaka ya 1980, sotoka iliporudi. Alikuwa akituonyesha kidole gumba kilichopinda, zawadi ya fahali aliyekataa kutulia kwenye kibanio. Shida yake kubwa, alisema, ilikuwa barafu. Boksi likipata joto njiani, kijiji kizima mnakichanja maji matupu. Mwaka 2011 dunia ilitangaziwa kwamba sotoka imetokomezwa, ugonjwa wa pili kutokomezwa baada ya ndui. Sijaona makala ya televisheni inayomaliza kwa boksi la barafu, na nimeona nyingi.

Utamu zaidi upo kwenye nyasi. Nyumbu walipokuwa wachache, nyasi zilibaki ndefu, zikakauka kiangazi, zikaungua. Moto wa kila mwaka unaua miche. Nyumbu walipoongezeka walizila, moto ukapungua, miti ikaota na kukua, na kaboni iliyokuwa ikiondoka na moshi ikaanza kubaki kwenye miti na udongo.

Siwapaki rangi wafugaji na nyumbu kana kwamba ni marafiki. Ndama wa nyumbu hubeba kirusi ambacho yeye hakimdhuru, lakini ng'ombe akikipata ni nadra apone. Kwa hiyo msimu wa kuzaa, wakati sisi tunaangalia "maajabu" hayo, Mmasai wa Ngorongoro anawaondoa ng'ombe wake kwenye nyasi bora za mwaka na kuwapandisha kwenye malisho duni. Hilo ndilo jibu nililompa mama asubuhi yake, tukimenya vitunguu. Akasema, "Basi wangemuonyesha na yeye."



Simba nao wana kisa cha aina hiyo. Mwaka 1994 walikufa wapatao 1,000 Serengeti, karibu theluthi moja, kwa distempa, ndugu mwingine wa sotoka na surua. Ilitokana na mbwa wa vijiji vya jirani. Ukame uliotangulia ulikuwa umedhoofisha nyati na kuwajaza kupe. Simba wakala nyati, wakapata na ugonjwa wa kupe juu yake. Baada ya hapo mbwa wa vijiji wakaanza kuchanjwa.

Mbwa wa Tabata hawezi kumwambukiza simba wa Seronera, kule katikati ya Serengeti, najua. Ila mbwa wa jirani anaweza kumwambukiza, na watoto wa mbwa wanakufa kwa distempa hapa mjini kila mwaka. Jumamosi alikuja mteja na mbwa dume wa kienyeji, sikio moja limekatika. Alitaka chanjo ya kichaa cha mbwa tu, mwenye nyumba anadai kadi. Nikamtajia na ya distempa.

"Hiyo ya nini tena, dokta? Huyu ni wa ulinzi, analala nje."

Nikamweleza, kwa kifupi kuliko nilivyowaeleza ninyi. Akauliza bei, akahesabu noti zake mara mbili, akasema haya. Nikashika kadi, nikauliza jina la mbwa.

"Simba."

Huyo ni wa nne mwezi huu.