Umepigiwa simu ukiwa likizo uje usaini: tazama kwanza barua, pesa baadaye

Masika yakianza, watalii hupungua Arusha na Moshi, na hoteli na kampuni za safari huwapa likizo wafanyakazi wengi kwa mpigo. Baadhi yao simu ya ofisi huwafuata hukohuko nyumbani. Mtu yuko Rombo na migomba yake, anaambiwa kampuni inapunguza watu, kuna mkono wa kwaheri kwa atakayekubali kuondoka, apite ofisini aandike barua ya kuacha kazi achukue chake.

Wanaofika kwenye dawati letu la ushauri huuliza kama kiasi walichotajiwa kinatosha. Mimi huanza na ile barua. Kifungu cha 42 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri alipe kiinua mgongo pale yeye anapositisha ajira ya mtu aliyemtumikia miezi 12 au zaidi mfululizo. Ukiandika "naacha kazi kwa hiari yangu", umejitoa mwenyewe kwenye kifungu hicho. Kinachobaki ni ahadi, na kama ilitolewa kwa simu, utaidai kwa ushahidi gani?

Likizo nayo ina kinga yake. Kifungu cha 41 kinakataza notisi ya kusitisha ajira kutolewa wakati wa likizo ya kisheria, au kwenda sambamba nayo. Kwa hiyo siku zako 28 za likizo ya mwaka haziwezi kugeuzwa kuwa zile siku 28 za notisi ya anayelipwa kwa mwezi. Ni vipindi viwili tofauti. Mama aliye kwenye siku 84 za likizo ya uzazi analindwa vivyo hivyo. Na kifungu hakikumtaja mwajiri peke yake, ndiyo maana hata barua yako ya notisi iliyoandikwa katikati ya likizo inaweza kuzua mabishano.

Sisemi ukatae pesa. Wapo ambao kuondoka kunawafaa kabisa, tena kiasi wanachopewa kinazidi cha sheria. Ila karatasi ya kusaini iwe makubaliano ya kusitisha ajira ya pande zote mbili, yanayotaja kwamba pendekezo limetoka kwa mwajiri kwa sababu ya kupunguza wafanyakazi, tarehe ya mwisho wa ajira, na kila malipo kwa jina na kiasi chake, pamoja na siku yatakapolipwa. Jumla moja isiyo na mchanganuo ikatae. Mara nyingi humo ndani kuna mshahara na likizo ambavyo ungelipwa hata hivyo, ila vimevalishwa jina la zawadi.

Hesabu ifanye kabla hujatoka nyumbani. Kima cha chini ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 520,000 anayefanya kazi siku sita kwa wiki hupata kama shilingi 20,000 kwa siku, yaani 140,000 kwa mwaka. Akiwa ametumikia miaka 6 na miezi 8, kiinua mgongo chake ni 840,000, maana ile miezi 8 haihesabiki. Notisi, likizo isiyochukuliwa na nauli ya kurudi alikoajiriwa, kama aliajiriwa mbali, huhesabiwa kando. Cheti cha utumishi nacho ni haki yake.

Ukiwa mwanachama wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, kumbuka pia kwamba fao la kukosa ajira halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari.

Anayeambiwa "andika la sivyo" yuko kwenye hali nyingine. Kulazimishwa kuacha kazi kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kuachishwa. Atunze ujumbe wa simu na majina ya waliokuwepo, kisha aende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, yenye ofisi Arusha na Moshi. Malalamiko ya kuachishwa isivyo halali yanapaswa kufikishwa huko ndani ya siku 30 tangu ajira ilipokoma. Hizo ni siku za kalenda, Jumapili na sikukuu zikiwemo, na hazisimami kungoja likizo yako iishe.