Wimbo wa asili hauna mwenyewe, ila nota za Pande Shahov zina mwenyewe

Siku hizi ofisini tunaletewa malalamiko mengi ya watu waliopigwa kopirait kwenye video zao na utetezi ni ule ule, "jamani ule ni wimbo wa asili". Leo nataka tulimalize hili kwa kazi ambayo mwenyewe naipenda sana, Makedonissimo ya Pande Shahov, mtunzi wa muziki wa Makedonia Kaskazini, mana imekaa pale pale watu wanapochanganya.

Shahov kazaliwa Skopje, mji mkuu wa huko, mwaka 1973, kasoma muziki huko huko kisha akaenda Royal College of Music ya London. Kwao opera ya kwanza ya Kimakedonia, Goce ya Kiril Makedonski, ni ya 1954 tu, yani juzi, ila nyimbo na ngoma za vijijini ni za enzi na enzi, na Shahov anachota kote kuwili. Katunga suti ya piano, yani vipande kadhaa vinavyofuatana, iitwayo Songs and Whispers, ya kumuenzi Chopin, yule mtunzi wa piano wa Poland, pamoja na Makedonia. Makedonissimo ni nyimbo na ngoma za asili alizozipanga upya kwa ajili ya mpiga piano Simon Trpčeski, naye wa Skopje, akiwa na wenzake wanne: fidla, chelo, ngoma na mmoja anayebadilisha klarineti, saksofoni na kaval, ile filimbi ya wachungaji.

Sasa chukua ngoma ya pajduško. Ina mapigo matano, unahesabu moja-mbili, moja-mbili-tatu, mguu unakuwa kama unachechemea, piga na vidole mezani utaelewa. Hesabu hiyo ni ya wanakijiji, hakuna wa kukudai. Lakini mtunzi akikaa akaamua piano iingie na kodi gani (chord, nota kadhaa zinazopigwa pamoja), chelo ishike nini chini ya fidla, kaval iachiwe wapi ipumue, hayo yametoka kichwani kwake na ni mali yake. Halafu sauti iliyorekodiwa ina wenyewe wengine tena, wapigaji na aliyegharamia rekodi. Kwa hiyo kuandika "haki zote kwa wenyewe" chini ya video SIO ruhusa, nimeshalisema hili mara ngapi, na kununua CD sio ruhusa pia.

Wengine wanasema Makedonia ni mbali nani atajua. Tanzania ipo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa kulinda hakimiliki, tangu 1994, Kenya 1993, na Makedonia Kaskazini nayo imo, kwa hiyo kazi ya mtu wa Skopje inalindwa huku kama ya mtu wa kwenu. Mkataba unataka ulinzi uwe uhai wa mtunzi na angalau miaka 50 baada ya kufa, kwao wameweka 70. Shahov yupo hai, hesabu ya miaka hiyo haijaanza.

Kikundi kikitaka kuipiga, ombi liandikwe mapema na litaje jina la kazi na la kipande chenyewe, jina la mpangaji (aliyeupanga wimbo upya), ukumbi, tarehe, idadi ya viti, kiingilio kama kipo, na nakala ngapi za nota mnahitaji. Ruhusa ya kupiga jukwaani ni moja, ya kutoa kopi za nota ni nyingine, ya kubadilisha mpangilio au kuweka maneno ya Kiswahili ni nyingine, ya kuunganisha na picha za video nayo ni nyingine, msizichanganye kwenye barua moja yenye sentensi mbili halafu mkashangaa imerudi. Ukikiuka, kutegemea na kosa, kuna fidia kwa mwenye haki, kuna faini au kifungo, na kopi zinaweza kukamatwa.

Karibuni nililetewa nota iliyopigwa picha kwa simu, kidole kimefunika pembeni na juu imekatwa, pale pale jina la mpangaji linapokaa. Aliyeileta hakuwa na nia mbaya kabisa, alitumiwa hivo hivo kwenye grupu na kwaya ilishaanza mazoezi. Ukipewa karatasi ya namna hiyo, kabla hujaitolea kopi mwambie aliyekutumia apige picha ukurasa wote, kuanzia juu kabisa, ujue nani wa kuombwa ruhusa.