Uhuru wa India haukuletwa na mzee mmoja mwenye mkongojo

Uliza kijiweni jinsi India ilivyojitoa mikononi mwa Mwingereza, jibu halichelewi: palikuwa na mzee mwembamba, kifua wazi, mkongojo mkononi, akagoma kula hadi wakoloni wakaona haya wakafunga virago. Nimelisikia kwa wanafunzi, nimelisikia kwa watu wazima walionizidi umri, na kila mara linaniuma. Gandhi alikuwa mtu mkubwa na sina nia ya kumpunguzia. Ila hadithi hiyo inawazika upya watu wengi mno.

Kwanza, husemwa kwamba yeye ndiye aliyeanzisha harakati. Congress, chama kilichokuja kudai uhuru wa India, kiliundwa Bombay Desemba 1885, wajumbe 72, wakati Gandhi ni kijana wa miaka 16 kule Gujarat. Mmoja wa waliokuwapo, Dadabhai Naoroji, alikaa na hesabu za serikali akaonyesha jinsi mali ya India ilivyokuwa ikifyonzwa kwenda Uingereza mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1892 wapiga kura wa London wakamchagua mbunge. Lord Curzon, mtawala wa India kwa niaba ya Mwingereza, alipolikata jimbo la Bengal vipande viwili mwaka 1905, watu walisusia nguo za viwanda vya Uingereza na kuzitia moto hadharani. Mwaka 1911 serikali ikaurudisha nyuma uamuzi wake. Gandhi katika miaka hiyo ya Bengal alikuwa akiishi Afrika Kusini. Alirudi nyumbani kuishi Januari 1915, akakikuta chama cha mawakili na wasomi, akakipeleka vijijini kwa wakulima. Hiyo ndiyo kazi yake, na ni kubwa ya kutosha bila kumwongezea ya wengine.

Dhana ya pili ndiyo inayonikera zaidi: kwamba kukataa kupigana ni unyonge, ni kukaa tu na kusubiri huruma. Neno alilolitumia, satyagraha, maana yake ni kuushika ukweli na kutouachia. Tazama mambo ya chumvi. Sheria ilimkataza Mhindi kujitengenezea chumvi. Ilibidi ainunue, na ndani ya bei mlikuwa na kodi. Hata aliyejenga kibanda chake ufukweni, chumvi imekauka mchangani mbele ya mlango wake, hakuruhusiwa kuizoa. Tajiri na fukara wote hula chumvi, na anayevuja jasho shambani kutwa ndiye anayeihitaji zaidi. Ndiyo maana Gandhi aliichagua. Tarehe 12 Machi 1930 aliondoka makazi yake ya Sabarmati na wenzake 78, wakatembea siku 24, kilomita kama 385, kijiji hadi kijiji. Asubuhi ya 6 Aprili, huko Dandi ufukweni, akainama akaokota chumvi yenye matope. Nchi nzima ikaanza kuchemsha maji ya bahari.

Yeye alikamatwa Mei. Tarehe 21 mwezi huo, Sarojini Naidu, mshairi, mama wa watoto wanne, akawaongoza watu kwenda kwenye mashamba ya chumvi ya Dharasana. Walisonga safu kwa safu mbele ya polisi wenye fimbo ndefu zilizovishwa chuma nchani. Safu ya kwanza ilipigwa vichwani, hakuna aliyeinua mkono hata kujikinga. Waliobaki wakawabeba majeruhi kando, na safu nyingine ikajipanga. Mwandishi wa habari Mmarekani, Webb Miller, alikuwapo, na habari yake ikasomwa duniani kote. Anayeuita huo unyonge ajiulize kama angekubali kusimama safu ya pili.

Sasa wapo wanaovuka upande wa pili na kusema mapambano yote yalikuwa ya amani. Hapana. Bhagat Singh, mwanamapinduzi aliyeshika silaha, alinyongwa Lahore tarehe 23 Machi 1931 akiwa na miaka 23. Subhas Chandra Bose aliongoza jeshi la Wahindi dhidi ya Mwingereza kwa msaada wa Wajapani. Na Februari 1946 mabaharia wa Jeshi la Majini huko Bombay, waliochoshwa na chakula kibovu na matusi ya makamanda, waligoma. Mgomo ulianza tarehe 18, na ndani ya siku chache ukaingia meli 78 na mabaharia kama 20,000. Walipandisha bendera za Congress, za Muslim League, chama cha Waislamu, na za wakomunisti pamoja. Wafanyakazi wa mjini wakaacha kazi kuwaunga mkono, zaidi ya 200 wakauawa. Viongozi wa Congress na wa League wakawasihi mabaharia wasalimu amri, na wakasalimu. Lakini dola iliyotawala India kwa mikono ya askari Wahindi ilikuwa imeona mikono hiyo ikigoma.

Bendera zile zinajibu pia dai kwamba hii ilikuwa vita ya Wahindu peke yao. Abul Kalam Azad, mwanachuoni wa Kiislamu, alikuwa rais wa Congress miaka ya 1940 hadi 1946. Maofisa watatu wa jeshi la Bose walioshtakiwa pamoja Delhi mwaka 1945 walikuwa Mwislamu, Mhindu na Singasinga.

Kuhusu wanaosema Mwingereza "aliondoka vizuri" nitasema machache. Njaa ya Bengal ya 1943 iliua watu wanaokadiriwa kuwa milioni 3, chini ya utawala wake. Mpaka wa kuigawa nchi kuwa India na Pakistan ulichorwa kwa wiki tano na Cyril Radcliffe, wakili Mwingereza ambaye hakuwahi kufika India kabla, ukatangazwa siku mbili baada ya uhuru wa 15 Agosti 1947. Watu takriban milioni 15 walihama makwao, na mamia kwa maelfu wakauawa. Siku ya sherehe, Gandhi alikuwa Calcutta, amefunga, anasali.

Na kwetu? Husemwa Wahindi wa Afrika Mashariki walikaa dukani wakihesabu senti. Sarojini Naidu aliyeongoza Dharasana ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mkutano wa Wahindi wa Afrika Mashariki huko Mombasa mwaka 1924. Makhan Singh wa Nairobi, mwana wa vyama vya wafanyakazi, alifungwa na Waingereza akiwa India, akarudi Kenya, na Aprili 1950 pale Kaloleni, Nairobi, akadai uhuru kamili. Mwezi uliofuata walimkamata, wakamwachia Oktoba 1961. Pio Gama Pinto, mzaliwa wa Nairobi, alijiunga na wapigania uhuru wa Goa, koloni la Wareno kwenye pwani ya India, kabla ya kurudi Kenya na kufungwa na Waingereza. Maana 1947 haikuikomboa India yote: Goa ilibaki koloni hadi 19 Desemba 1961, siku kumi baada ya bendera ya Tanganyika kupanda Dar es Salaam.