Pigia hesabu kona ya mwisho kwanza

Mtu akiniambia amejiandikisha La Marmotte na hajawahi kupanda milima ya Alps kwa baiskeli, mimi humuuliza swali moja kabla ya mengine yote: gia yako nyepesi kuliko zote ina meno mangapi? Wengi hawajui. Wamekuja na maswali ya uzito wa fremu na magurudumu ya kaboni, na tayari wameshatenga fedha zake. Nawaomba wazirudishe mfukoni kwanza.

La Marmotte ni mbio za waendesha baiskeli wa ridhaa, zilianza mwaka 1982 kusini-mashariki mwa Ufaransa. Njia yake ya kawaida inatoka Le Bourg-d'Oisans, inapanda Glandon (mita 1,924), inashuka bonde la Maurienne, inapanda Télégraphe (1,566) kisha Galibier (2,642), inarudi Bourg-d'Oisans, halafu inamalizikia juu Alpe d'Huez. Ni karibu kilomita 175. Ukijumlisha mipando yote unapata kama mita 5,000, na anayetoka kwetu ataelewa haraka nikimwambia hivi: ni kama kutoka Moshi mjini hadi kilele cha Uhuru, kwa siku moja.

Mimi ni kocha, naishi Grenoble, na kazi yangu kubwa ni kuwaandaa watu wenye ajira na watoto, wanaofanya mazoezi alfajiri au baada ya kazi. Kwa miaka yote hiyo nimeona kwamba anayeshindwa Marmotte mara chache hushindwa kwa kukosa nguvu. Hushindwa kwa sababu nguvu alizitumia asubuhi, wakati mlima mkali unamsubiri alasiri. Kwa hiyo maandalizi yangu huyaanzia mwisho wa njia, nikirudi nyuma.

Alpe d'Huez ina urefu wa kilomita 13.8, na mwinuko wake wa wastani ni asilimia 8.1. Kona zake ni 21, na zimehesabiwa kwa kurudi nyuma: unaanza na ya 21, unamaliza na ya 1. Kila kona ina kibao chenye jina la aliyeshinda hapo kwenye Tour de France. Fausto Coppi, mshindi wa mwaka 1952, yuko kwenye kona ya 21. Mgeni hudhani mlima utakuwa mkali kadiri anavyopanda. Sivyo. Kipande kigumu kiko chini kabisa, kabla ya kijiji cha La Garde kwenye kona ya 16, ambako mwinuko unapita asilimia 10. Unafika hapo na kilomita 160 miguuni, jua limepiga mwamba siku nzima, na mwamba unakurudishia joto usoni.

Sasa tupige hesabu. Tuseme una kilo 75 na baiskeli yako ina kilo 9. Kwenye mwinuko wa asilimia 8, mwendo wa kilomita 8 kwa saa unadai kama wati 155, na utafika juu kwa saa 1 na dakika 43 hivi. Kama gia ya mbele ina meno 34 na ya nyuma kubwa ina 34, kila ukizungusha pedali mara moja, gurudumu nalo linazunguka mara moja, kama mita 2.1. Utazungusha mara 63 kwa dakika. Ukiwa na 28 nyuma, unashuka hadi mara 52. Ukiwa na zile gia za zamani, 39 mbele na 25 nyuma, ni mara 41 tu. Mlima ni uleule, mwendo ni uleule, wati ni zilezile. Ila kwa mizunguko 41 kila pigo la pedali ni zito, linaangukia paja na goti, kama mtu anayepanda ngazi na gunia la unga mabegani. Kwa mizunguko 63 miguu inagawana mzigo na moyo na mapafu, ambavyo havichoki upesi hivyo. Na ile fremu nyepesi? Kilo moja pungufu itakuokolea dakika moja na kidogo kwenye mlima huu. Seti ya gia za nyuma ni rahisi mara nyingi kuliko fremu. Muulize tu fundi wako kama kibadilisha gia chako cha nyuma kinaweza kubeba meno 34.

Tukirudi nyuma hadi Glandon, mlima wa kwanza, hapo ndipo siku inapoharibikia. Mimi mwenyewe iliniharibikia hapo, mwaka wangu wa kwanza. Asubuhi ni baridi, miguu mipya, maelfu ya watu wanakupita, na moyo haukubali kupitwa. Niliwafuata. Nilipofika Plan Lachat, pale Galibier inapoanza kukaza kweli na bado kama kilomita 8 hadi juu, nilishuka nikakaa kando ya barabara, mikono inatetemeka. Tangu hapo kipimo changu cha Glandon ni mazungumzo: kama huwezi kumsimulia mwenzako ulivyolala jana bila pumzi kukatika, punguza. Na kwa miaka mingi sasa saa ya mbio husimamishwa kwenye mteremko wa Glandon kwa ajili ya usalama, kwa hiyo kushuka kwa kasi pale hakukupi chochote. Bondeni Maurienne tafuta kundi, ukae nyuma ya migongo ya wengine. Kupambana peke yako na upepo wa mbele pale ni kuzichoma nguvu za Galibier.

Kula kunahitaji nafasi yake. Mwaka 2013 Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alipanda Alpe d'Huez akiwa amevaa jezi ya njano ya anayeongoza Tour de France, na sukari ikamwishia mwilini kabla ya kufika juu. Mwenzake Richie Porte alimchukulia jeli ya sukari kwenye gari la timu, mahali ambapo kanuni zilikataza kupokea chakula. Froome akaongezewa sekunde 20, akakubali adhabu, na Tour akaishinda. Kama njaa ilimpata yeye, mwenye gari na wapishi, itakupata na wewe. Lenga gramu 60 za wanga kila saa, kuanzia nusu saa ya kwanza, kabla njaa haijasema neno. Tende kubwa moja ina kama gramu 15, ndizi ya kawaida kama 25. Mimi huwafungia watu wangu tende zilizotolewa kokwe. Fanya hivyo kwenye kila zoezi refu, maana tumbo nalo hufundishwa.

Anayeishi tambarare huniuliza atapata wapi mlima. Mlima wa Alps mwilini ni juhudi isiyokatika ya saa nzima au zaidi, na hiyo unaweza kuitengeneza hata Dar es Salaam ukielekea upepo wa bahari: dakika 20 za juhudi nzito lakini tulivu, dakika 5 za kupumzika, mara tatu, siku moja au mbili kwa wiki, na safari moja ndefu mwishoni mwa wiki. Ukiweza kufika Mombo, barabara ya kupanda Lushoto itakufunza mengi, na mengi zaidi ukigeuka kuishuka.

Maana kushuka nako hufundishwa. Kutoka Galibier hadi Bourg-d'Oisans ni zaidi ya kilomita 40 za mteremko. Joto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na jasho la kupanda huwa barafu kwenye upepo wa kushuka. Koti jepesi lisilopitisha upepo livae kileleni, kabla hujaanza kutetemeka. Funga breki kabla ya kona, uachie ndani yake, macho yaangalie unakoelekea. Na taa usiisahau, njia ile ina mahandaki.

Kiangazi kilichopita nilisimama kona ya 7, karibu na kanisa la Huez, nikimsubiri muuguzi mmoja wa Mombasa anayefanya kazi Lyon. Ilikuwa Marmotte yake ya kwanza. Alitokea akizungusha taratibu kwenye gia yake ya 34, jasho limekauka likawa chumvi shavuni. Nilimuuliza vipi.

"Kocha, zimebaki mbili," akasema, akigusa mfuko wa tende mgongoni, na hakusimama.